Bonham na ngoma ya kwenye ngazi

Juma hili siasa tuipumzishe. Nataka kuwasimulia habari ya mpiga ngoma wa Kiingereza, na mkifika mwisho mtajua kwa nini.

Mdundo wake niliusikia mara ya kwanza ndani ya matatu, miaka ya tisini, nikiwa kijana wa shule. Walikuwa Wamarekani wakighani juu yake, na neno sikushika hata moja. Lakini ile ngoma ilinikaa kifuani. Ilikwenda polepole na kwa uzito, kama mtu mnene anayeshuka ngazi bila haraka. Baadaye sana nikaja kujua kwamba waghani wale, Beastie Boys wa New York, waliikata ngoma hiyo mwaka 1986 kutoka wimbo wa Led Zeppelin wa 1971, When the Levee Breaks. Mpigaji alikuwa John Bonham. Wakati huo tayari alikuwa kaburini.

Bonham alizaliwa Redditch, katikati ya Uingereza, tarehe 31 Mei 1948. Hakufundishwa na mwalimu yeyote. Tangu ana miaka mitano alikuwa akigonga makopo na masufuria ya nyumbani, mpaka mamake akamnunulia ngoma alipofika miaka kumi. Alipoacha shule alishika useremala kwenye kazi za ujenzi za babake, na usiku anapiga muziki. Mwaka 1968 akaingia Led Zeppelin, na umaskini ukaisha.

Wimbo wenyewe haukuwa wao. Waliutunga Memphis Minnie na Kansas Joe McCoy, Wamarekani weusi, wakaurekodi mwaka 1929 kuhusu mafuriko makubwa ya mto Mississippi ya 1927, yaliyowafukuza watu wengi makwao. Wazungu hawa waliurekodi upya Headley Grange, nyumba kuukuu ya mashambani iliyojengwa 1795 kuwa makao ya maskini. Ngoma za Bonham ziliwekwa chini kwenye ukumbi wa ngazi. Fundi wa sauti, Andy Johns, akatundika maikrofoni mbili tu juu ghorofani, mbali na ngoma, kisha akaongeza mwangwi wa mashine. Kwa hivyo unachosikia ni ngoma na nyumba nzima ikiitikia.

Lakini nyumba peke yake haipigi. Sisi tuliokulia kwenye dufu na chapuo tunajua kwamba fundi hutambulikana kwa pale anaponyamaza. Bonham alikuwa na nguvu za kutisha, na angeweza kuijaza kila nafasi. Hapo alijizuia. Mguu unapiga vumi lake, mkono unajibu, kisha anaiacha sauti itembee ukutani kabla hajarudi. Na kwenye maonyesho alikuwa na ada ya kuweka vijiti chini na kupiga kwa viganja vitupu, kama wapigaji wetu.

Mtu huyu aliyejua kujizuia kwenye ngoma alishindwa kujizuia kwenye chupa. Safari ndefu za kimuziki zilimtenga na mkewe na watoto wake wawili, ndege alikuwa akiziogopa, na pombe ikawa ndiyo dawa. Tarehe 24 Septemba 1980 walikuwa wakijiandaa kwa ziara ya Amerika. Alianza kunywa vodka asubuhi, na mpaka usiku alikuwa amefikisha vipimo kama 40. Akalazwa nyumbani kwa mwenzake Jimmy Page. Kesho yake alikutwa amekufa, amepaliwa na matapishi yake. Alikuwa na miaka 32. Desemba mwaka huohuo wenzake wakalivunja kundi, kwani hawakuona wa kukaa mahali pake.

Kinachonikereketa ni kwamba siku ile nzima hakuwa peke yake. Watu walikuwapo.

Mtaani kwetu palikuwa na kijana fundi wa chapuo. Harusi bila yeye haikukolea. Alianza na chupa, akaishia kwenye unga. Sote tulimwona akikonda. Tulimtunza noti, tukamshangilia, na ngoma ikiisha kila mtu akashika njia ya kwake. Nami nilikuwa mmoja wao. Siku alipozikwa tulijaa makaburini, tukisifu mikono yake.

Bonham aliacha mwana, Jason, wa miaka 14. Mwaka 2007 wazee wa Led Zeppelin walipokutana tena kwa onyesho moja London, Jason ndiye aliyekaa kwenye ngoma za babake. Wengi waliona raha. Mimi nilifikiria kwamba marehemu angekuwa na miaka 59 tu, na angeweza kuwa pale mwenyewe.

Kwa hivyo ndugu zangu, harusi ijayo mkimtunza mpiga ngoma, msiondoke upesi. Mkaeni naye kidogo, mumuulize hali.