Heinrich Hertz na Waya wa Mji wa Kale

Mpenzi wa redio ya ridhaa katika Mji wa Kale, Mombasa, anayekata waya wa shaba wa mita 20 nusu kwa nusu, akaunganisha kebo hapo katikati na kuutundika baina ya mapaa mawili ili asikike kwenye megahezi 7, hurudia umbo lililobuniwa na Heinrich Hertz. Hata hezi, kipimo chenyewe, kina jina lake.

Hertz alizaliwa Hamburg, Ujerumani, mwaka 1857. Ujanani alijifunza Kiarabu, jambo ambalo wanafizikia hulitaja kwa nadra, na alipenda useremala na kukereza. Katika maabara ya Karlsruhe, alikofundisha tangu 1885, alinyoosha nyaya mbili, akaacha mwanya mdogo kati yake, akapitisha umeme. Cheche iliporuka mwanyani, nyingine iliruka katika pengo la kitanzi cha waya kilichokuwa mbali, hafifu mno hata ikabidi aitazame gizani. Kufikia 1888 alikuwa amethibitisha mawimbi ambayo Maxwell aliyatabiri kwa hesabu tupu.

Mwenyewe hakuyaonea manufaa ya mawasiliano. Alihamia Bonn 1889, akaugua, akapasuliwa mara kadhaa, akafariki tarehe 1 Januari 1894 akiwa na miaka 36. Mwaka uliofuata, Marconi alituma ishara kwa mawimbi hayo hayo.