Dakta Williamson wa Mwadui

Hapa mtaani kwetu Asiatique, kijana akimaliza sekondari huulizwa kama atasoma udaktari au sheria. Elimu ya miamba haitajwi na mtu. Basi sikilizeni habari za bwana mmoja aliyeiacha sheria akafuata mawe.

John Thorburn Williamson alizaliwa mwaka 1907 huko Montfort, jimbo la Quebec, nchi ya Kanada. Aliingia Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal kwa nia ya kuwa mwanasheria. Lakini wakati wa likizo moja alikwenda Labrador pamoja na wataalamu wa miamba, na aliporudi moyo wake ulikuwa umekwisha geuka. Mwaka 1933 akapata shahada ya udaktari katika jiolojia.

Akaja Afrika, akafanya kazi Rhodesia ya Kaskazini, kisha Tanganyika, kwenye mgodi mdogo wa almasi wa Mabuki. Baadaye akaanza kutafuta kwa gharama yake mwenyewe. Hapo ndipo alipotaabika. Malaria ilimsumbua, fedha zikamwishia, na kama si msaada wa mwanasheria wa Mwanza, Bwana I. C. Chopra, huenda angalirudi kwao mikono mitupu.

Mwaka 1940 akazipata almasi Mwadui, karibu na Shinyanga. Wako wasimuliao kwamba aliokota jiwe chini ya mbuyu kwa bahati tu. Mimi siamini sana. Almasi hupandishwa na volkano za kale kutoka chini kabisa, ndani ya mwamba uitwao kimbalaiti. Mvua na mito hutawanya chembe za mwamba huo, na mwenye kuzitambua huzifuata kinyumenyume mpaka kwenye shina. Shina la Mwadui lina hekta 146!

Wala kazi hii si ya almasi peke yake. Wajuzi wa miamba ndio wanaopima pa kuchimba visima, pa kujenga mabwawa, na vilima vinavyoweza kuporomoka. Nasi Burundi tunayo nikeli ya Musongati.

Mwaka 1947 Mwadui ilitoa almasi ya rangi ya waridi, karati 54.5. Williamson akampa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kuwa zawadi ya arusi. Ilipokatwa ikabaki karati 23.6.

Yeye mwenyewe hakuoa. Saratani ya koo ilimwua Januari 1958, naye ana miaka 50 tu. Mwaka ule ule warithi wake wakauza mgodi, nusu kwa kampuni ya De Beers na nusu kwa Serikali ya Tanganyika.