Adelchi Negri: Aliyefichua alama ya kichaa cha mbwa

KWA karne nyingi, mtu aliyeumwa na mbwa aliyeshukiwa kuwa na kichaa hakuwa na la kufanya ila kungoja. Dalili zikishajitokeza, kifo hufuata karibu kila mara, na hata leo hali haijabadilika. Aliyefupisha muda wa kungoja huko ni daktari Mwitaliano, Adelchi Negri.

Alizaliwa mjini Perugia, akasomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Pavia, kaskazini mwa Italia, na kuhitimu mwaka wa 1900. Alibaki huko kama msaidizi wa mwalimu wake, Camillo Golgi, bingwa wa uchunguzi wa seli za neva ambaye alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1906.

Wakati huo chanjo ya Louis Pasteur, iliyotumiwa kwa binadamu kuanzia 1885, ilikuwa tayari inaokoa maisha. Tatizo lilikuwa kuthibitisha iwapo mbwa aliyeuma alikuwa mgonjwa. Wataalamu walimdunga sungura chembechembe za ubongo wa mbwa huyo, kisha wakasubiri kwa wiki kadhaa waone kama sungura angepooza. Aliyeumwa naye aliendelea kudungwa sindano siku baada ya siku, bila yeyote kujua kwa hakika kama alizihitaji.

Mnamo Machi 27, 1903, Negri aliwaeleza madaktari wenzake mjini Pavia alichokiona kwa hadubini. Ndani ya seli za ubongo wa wanyama waliokufa kwa kichaa mlikuwa na vijidoa vya mviringo ambavyo havikuwepo katika ubongo wa wanyama wazima. Kuanzia hapo, jibu lililochukua majuma liliweza kupatikana kwa saa chache.

Hata hivyo, Negri alikosea katika jambo moja kubwa. Aliamini kwamba vijidoa hivyo ni vimelea vinavyosababisha ugonjwa. Mwaka huo huo, watafiti mjini Constantinople walionyesha kuwa kisababishi hupenya kwenye vichujio vinavyozuia bakteria. Kwa hivyo kilikuwa virusi, vidogo mno kuonekana kwa hadubini za enzi hiyo. Maelezo ya Negri yaliporomoka, lakini alama aliyoifichua ilibaki, nayo ikaitwa kwa jina lake.

Mnamo 1906 alimwoa Lina Luzzani, mtafiti mwenzake aliyejishughulisha pia na uchunguzi wa vijidoa hivyo. Baadaye Negri aligeukia vita dhidi ya malaria katika jimbo la Lombardia. Kifua kikuu kilimkatizia safari mjini Pavia mnamo Februari 19, 1912, kabla hajatimiza umri wa miaka 40.

Kwa sadfa, ni katika mwaka huo wa 1912 ambapo kisa cha kwanza cha kichaa cha mbwa kilithibitishwa nchini Kenya, kwa mbwa aliyepatikana viungani mwa Nairobi.

Njia ya Negri ilikuwa na kasoro yake: si kila ubongo wenye ugonjwa huwa na vijidoa hivyo, na kutoonekana kwavyo hakukuwa hakikisho la usalama. Ndiyo maana tangu miaka ya 1950 maabara zilianza kutumia kingamwili zinazong'aa, na siku hizi wanasayansi husoma jeni za virusi vyenyewe ili kutambua ukoo wavyo na vilikotoka. Mnamo 2009, watafiti nchini Ufaransa walithibitisha kwamba vijidoa vya Negri ndimo virusi hivyo vinamozalianishwa. Baada ya zaidi ya karne moja, ilibainika kuwa alikuwa ametazama penyewe hasa.

Ugonjwa huu ungali unaua takriban watu 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Anayeumwa anafaa kuosha jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15 na kukimbilia hospitali mara moja, badala ya kungoja jibu la maabara.