Victor Horsley: Tabibu aliyethubutu kufungua uti wa mgongo

UVIMBE usio wa saratani hausambai hadi viungo vingine vya mwili, lakini unapoota ndani ya mfereji mwembamba wa uti wa mgongo, waweza kumlemaza mtu kabisa. Hadi mwishoni mwa karne ya 19, aliyepatwa na maradhi haya hakuwa na la kufanya ila kungojea kupooza.

Aliyefungua ukurasa mpya ni Sir Victor Horsley, daktari wa upasuaji wa Uingereza.

Horsley alizaliwa jijini London mnamo Aprili 14, 1857, siku ile ile ambapo Malkia Victoria alijifungua kitindamimba wake, Beatrice. Malkia ndiye aliyeomba mtoto huyo aitwe Victor. Babake, John Callcott Horsley, alikuwa mchoraji mashuhuri.

Baada ya kusomea udaktari katika University College, aliteuliwa mwaka wa 1886 kuwa mpasuaji katika hospitali ya magonjwa ya neva iliyoko Queen Square, London.

Mwaka uliofuata, aliletewa kapteni wa jeshi mwenye umri wa miaka 42. Kwa takriban miaka mitatu afisa huyo alikuwa ameteswa na maumivu ya mgongo, akizunguka kwa madaktari bila nafuu. Sasa miguu yake ilikuwa imepooza na haja ndogo ilikuwa imefungika.

Tabibu William Gowers ndiye aliyebaini kuwa uti ulikuwa ukikandamizwa na uvimbe. Eksirei ilikuwa haijagunduliwa, hivyo alikisia mahali penyewe kwa kuchunguza sehemu za mwili zilizopoteza hisia.

Juni 9, 1887, Horsley alimpasua. Alipofika kwenye uti hakuona chochote. Badala ya kukata tamaa, aliondoa mfupa zaidi upande wa juu, na hapo akaukuta uvimbe wenye umbo la lozi, akautoa.

Mgonjwa alipata nafuu polepole. Baada ya mwaka mmoja alikuwa akitembea na kufanya kazi kama kawaida. Upasuaji huo huhesabiwa kuwa wa kwanza kufaulu kuondoa uvimbe uliojificha chini ya utando wa uti wa mgongo.

Horsley alitunukiwa cheo cha Sir mwaka wa 1902. Nje ya hospitali, alipiga vita ulevi na kutetea haki ya wanawake kupiga kura.

Alifariki Julai 16, 1916, mjini Amara, nchini Iraq, kutokana na joto kali alipokuwa akihudumia wanajeshi katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Alikuwa na umri wa miaka 59.

Leo hii mashine ya MRI huonyesha uvimbe bila kisu, na ule mdogo usiosumbua aghalabu hufuatiliwa tu. Hata hivyo, ganzi au udhaifu wa miguu unaozidi, au kushindwa kuzuia haja, ni dalili za kumkimbiza mgonjwa hospitalini, kwani uti uliokandamizwa kwa muda mrefu huenda usipone tena.