Abu Bakr al-Baytar, tabibu wa farasi wa Sultani

Nguvu ya Wamamluki wa Misri ilikuwa juu ya mgongo wa farasi. Sultani wao al-Nasir Muhammad bin Qalawun aliwapenda mno, akilipa mali nyingi kwa farasi mmoja tu wa Kiarabu aliyempendeza. Amana ya afya za wanyama hao ilikuwa kwa Abu Bakr bin Badr al-Din, Allah amrehemu, aliyejulikana kama al-Baytar, yaani daktari wa wanyama.

Kazi aliirithi kwa baba yake, naye akafika hadi kwenye mazizi ya Sultani mjini Cairo. Huko aliandika Kamil al-Sina'atayn, kitabu ambacho watu walikiita al-Nasiri kwa jina la Sultani wake. Fani mbili zinazotajwa ni baytara, yaani utabibu, na zartaqa, elimu ya kumjua na kumtunza farasi. Kuziunganisha ndiyo hekima yake kubwa, kwa maoni yangu.

Chukua pumu ya farasi. Wengi wetu hapa Musaga hatujawahi hata kumgusa farasi, lakini pumu tunaijua majumbani. Farasi hawezi kusema kwamba kifua kinambana. Kwa kawaida hana homa. Hukohoa anapokula majani makavu, na ugonjwa ukizidi, tundu za pua hutanuka hata akiwa amesimama tu, na tumbo hujikaza mara ya pili ili kumalizia kutoa pumzi. Hali ikidumu, msuli huo hukua, ukaacha mstari kama mfereji nyuma ya mbavu. Leo daktari huingiza mrija mapafuni, akayaosha kwa maji ya chumvi, kisha akahesabu chembe nyeupe za damu katika maji yanayorudi. Baytar wa karne ya 14 alikuwa na macho, masikio na mikono yake.

Hata sasa, dawa za kupanua njia za hewa na za kutuliza uvimbe hazifui dafu farasi akiendelea kufungiwa bandani na majani yenye vumbi na kuvu. Sharti atolewe nje, na majani yaloweshwe maji kabla ya kulishwa. Hapo mtunza banda ana kazi kubwa kuliko muuza dawa.

Abu Bakr alifariki mwaka 1340, na Sultani akamfuata mwaka 1341. Karne tano baadaye Nicolas Perron, daktari Mfaransa aliyefundisha utabibu Misri, alikitafsiri kitabu hicho kikachapwa Paris kati ya 1852 na 1860. Kwa hiyo sisi tunaosomea kwa Kifaransa tunaweza kumsoma, hata kama Kiarabu chetu bado ni kichanga.