Lumumba na redio iliyofungwa: je, intaneti inaweza kukamata nafasi ya redio?

Hapa Kamanyola vijana wengi wanapata habari kwa simu, na wengine wanauliza redio ingali na kazi gani. Maisha ya Patrice Emery Lumumba, waziri wa kwanza wa Kongo huru, yanasaidia kujibu, juu alipoteza utawala siku zile zile alipokosa mikro.

Lumumba alizaliwa tarehe 2 mwezi wa 7 mwaka 1925 katika kijiji cha Onalua, Sankuru. Alikuwa karani wa posta kule Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo. Alijua Kitetela, Kiswahili, Lingala na Kifaransa. Mwaka 1956 alikamatwa juu ya feza za posta na kufungwa. Alipotoka alienda Léopoldville, leo Kinshasa, akafanya kazi ya kuuzisha bia. Mwezi wa 10 mwaka 1958, yeye na wenzake walianzisha chama cha MNC. Siku ya uhuru, tarehe 30 mwezi wa 6 mwaka 1960, redio ilirusha hotuba yake kali mbele ya mfalme wa Ubelgiji.

Kisha miezi miwili tu, mambo yakageuka. Tarehe 5 mwezi wa 9, magaribi, Rais Kasa-Vubu alitangaza kwa redio ya Léopoldville kwamba amemufukuza Lumumba. Usiku ule ule Lumumba akakimbilia redio hiyo hiyo na kusema serikali ingali yake. Kesho yake ONU ikafunga redio, ikisema inataka kuepusha fujo. Viwanja vya ndege navyo vilifungwa.

Kwa maneno, amri ilikuwa moja kwa wote. Lakini Kasa-Vubu alikuwa na marafiki Brazzaville, ngambo ya muto Congo, na redio ya kule ilisikika vizuri Léopoldville. Lumumba hakuwa na ngambo. Wakaaji wa Kamanyola wanaelewa jambo hilo: mawimbi ya Rwanda na Burundi yanavuka Ruzizi kila siku bila kuonyesha jeton.

Tarehe 14, Koloneli Mobutu naye alitumia redio kutangaza kwamba anashika mamlaka. Mwezi wa 10, nyumba ya Lumumba ilizungukwa na askari. Usiku wa tarehe 27 mwezi wa 11 alitoroka kuelekea Stanleyville, wakamukamata njiani, Sankuru. Tarehe 17 mwezi wa 1 mwaka 1961 aliuawa Katanga, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Wakubwa wa Katanga walitangaza kifo chake tarehe 13 mwezi wa 2, karibu mwezi muzima kisha.

Je, kama simu zingekuwako? Pengine siri ile isingekaa siku nyingi hivyo. Lakini tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 2018, kesho yake ya uchaguzi, intaneti ilikatwa Kongo nzima, na ilirudi kisha siku karibu 20. Wakati ule ule, RFI ilizimwa Kinshasa. Kwa hiyo hakuna njia isiyozimika.

Tofauti ni hesabu ya milango. Intaneti ya simu inapita kwa kampuni chache, na amri moja inatosha. Redio ya Léopoldville ya mwaka 1960 ilikuwa vile vile: mulango mumoja, mwenye kuushika ndiye anasikika. Redio za leo za mitaa ni nyingi, kila moja na antene yake. Anayetaka kuzinyamazisha zote ni lazima azifuate moja kwa moja.

Tena musikilizaji wa redio hanunui megabaiti. Mutambo ukiwashwa, mutu mumoja au elfu kumi wanasikia kwa bei ile ile. Simu nayo ina nguvu yake: inamupa musikilizaji nafasi ya kujibu, na inafikisha sauti ya Kamanyola kwa ndugu walio mbali, kule antene haifiki.

Kwa hiyo simu isikamate nafasi ya redio. Ikae pembeni yake. Lumumba alibaki na mulango mumoja, ukafungwa. Familia yenye simu ichunge pia redio yake ndogo, na mawe mapya ndani.