Röntgen na picha ya kwanza ya mkono

Msikilizaji akiambiwa hospitalini kwamba kifundo cha mkono wake kimesagika, mara nyingi huwa amepigwa picha ya eksirei. Leo tunamwangalia aliyetuletea picha hiyo, Wilhelm Conrad Röntgen.

Alizaliwa Lennep, Ujerumani, tarehe 27 Machi 1845, akakulia Uholanzi. Shuleni Utrecht alifukuzwa kwa sababu ya mchoro wa kumdhihaki mwalimu, ambao inasemekana ulichorwa na mwenzake. Chuo cha Zurich, Uswisi, kilimpokea hata hivyo, na baadaye akawa profesa wa fizikia mjini Würzburg.

Jioni ya tarehe 8 Novemba 1895, akiwa gizani na mitambo yake ya umeme, aliona kibao chenye dawa kikimeremeta ingawa chupa ya umeme ilikuwa imefunikwa kwa karatasi nyeusi. Alijifungia maabara kwa wiki kadhaa. Tarehe 22 Desemba alimwita mkewe, Bertha, akaweka mkono wake juu ya bamba la picha kwa takriban dakika 15. Ikatokea mifupa ya vidole na pete yake. Bertha, wanasimulia, alishtuka kama aliyeonyeshwa kifo chake.

Ukiitazama vizuri picha hiyo, utaona nafasi tupu kati ya mfupa na mfupa. Kumbe si tupu: pana gegedu, ile nyama laini ngumu inayozuia mifupa kusuguana, ila mionzi huipita bila kuacha alama. Daktari anakisia tu, kwamba nafasi ikibana, gegedu imelika. Mkono ukiwekwa upande kidogo, nafasi hubadilika. Mwaka 1957 Kellgren na Lawrence wa Uingereza walitoa kipimo cha 0 hadi 4, wakaona kuwa wasomaji wawili wa picha ileile hawakubaliani sikuzote. Kwa hiyo mkulima mwenye picha mbaya anaweza asiumwe sana, na mwenye picha safi akashindwa kushika jembe. Tunaona ni haki yake kuomba mkono wenyewe ushikwe na kupimwa pia.

Röntgen hakutaka hataza ya ugunduzi wake. Mwaka 1901 alipewa Tuzo ya kwanza ya Nobel ya fizikia, fedha zake akaziachia Chuo Kikuu cha Würzburg. Bertha alifariki mwaka 1919. Yeye alimfuata tarehe 10 Februari 1923, mjini Munich.